Plastiki na paneli za ndani za Hilux ya zamani: kufungua, kutengeneza, kupaka rangi na kurudisha

Swali ninaloulizwa karibu kila wiki ni moja, linabadilisha shati tu: "Fundi, nimepaka rangi paneli za milango, mwezi haujaisha inabanduka kama ganda la kitunguu. Ninunue rangi gani?"

Mara nyingi rangi haina kosa. Kosa ni polishi ya dashibodi ambayo gari limepakwa kila Jumamosi kwa miaka na miaka, na ile nailoni ya nyuma ya paneli ambayo fundi wa kioo aliichana akaitupa mtaroni. Usipoyashughulikia hayo mawili, hata rangi ya bei mbaya itakuaibisha.

Mwongozo huu ni wa Hilux za 1988 hadi 1997, singo kebini na dabo kebini, zenye vioo vya kuzungusha kwa mkono. Pikapu nyingine za Kijapani za miaka hiyo hufunguka kwa mtindo huohuo, ila skrubu zitakuwa zimejificha pengine. Kama usukani wako una herufi SRS, gari lako lina begi la hewa: chomoa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, na usukani wenyewe usiufungue.

Tenga siku tatu. Anayekuambia ni kazi ya saa mbili anazungumzia kufungua tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa skrubu

- Bisibisi ya nyota namba 2, ndogo ya bapa, na spana za 10, 12 na 14.
- Kitambaa chakavu cha pamba, kirefu kama mkono. Utaona kazi yake kwenye mpini wa kioo.
- Kitu cha kubanjulia kisichochubua: mwiko mwembamba wa mbao, au kisu butu cha mezani kilichozungushiwa tepu.
- Sabuni ya maji ya vyombo, brashi ya kufulia na mswaki uliostaafu.
- Spiriti isiyo na rangi, lita moja, na vitambaa vyeupe vingi. Weupe una sababu yake.
- Skochibraiti (ile ya kusugulia sufuria), na msasa wa maji namba 320, 400 na 600.
- Praima ya plastiki kopo moja, na rangi ya vinaili isiyong'aa. Makopo mawili ya mililita 400 yanatosha milango miwili na plastiki ndogondogo. Dashibodi ikiingia, ongeza la tatu.
- Klipu mpya za paneli, angalau ishirini. Nenda dukani na ya zamani mkononi. Zinafanana kwa macho lakini kichwa na shingo hutofautiana.
- Nailoni nzito ya ujenzi, ile wanayotandika chini ya zege la sakafu, mita mbili. Na utepe wa butili, ule mweusi unaonata kama ulimbo.
- Kama paneli imeoza: hadibodi ya milimita 3, sponji ya milimita 3 hadi 5, reksini (ngozi ya bandia), na gundi ya viatu.
- Barakoa, glavu, na vikopo vya kuwekea skrubu.

Kuhusu kununua paneli za mtumba: ukizipata kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani (Dar) au Grogan (Nairobi) zikiwa nzima, chukua, utaokoa siku nzima. Zigeuze kwanza. Upande wa mbele unaweza kung'aa kwa polishi huku nyuma hadibodi imevimba kama mkate uliolowekwa. Bonyeza kwa kidole kuzunguka kila tundu la klipu. Pakiwa laini, hiyo paneli imeshakufa. Na ukiletewa dashibodi iliyotoka kwenye gari la Dubai, tazama usukani wake ulikuwa upande gani kabla ya kutoa hela.

## Hatua ya 1: Piga picha, chomoa betri

Piga picha kila upande kabla ya kufungua, hasa mpini wa kioo ulivyolala kioo kikiwa kimefungwa juu. Halafu chomoa waya hasi wa betri. Taa ya dari na spika za milango zina nyaya, na fyuzi ikiungua leo utaanza kuitafuta kesho usiku.

Kila kundi la skrubu likae kwenye kikopo chake, juu yake tepu yenye maandishi. Skrubu za kiegemeo cha mkono ni ndefu kuliko nyingine. Ukiichomeka ndefu mahali pa fupi, itatokea upande wa pili, na wakati mwingine upande wa pili ni kioo.

## Hatua ya 2: Kufungua paneli ya mlango

Funga kioo mpaka juu. Kisha fuata mpangilio huu.

Mpini wa kioo. Hapa ndipo wengi huvunja. Hauna skrubu. Umeshikwa na klipu ya waya yenye umbo la herufi C, iliyojificha kati ya mpini na kile kisahani cha plastiki. Pitisha kitambaa chakavu katikati ya mpini na kisahani, shika ncha zake mbili, kisha vuta huku na huku kama unayepiga kiatu rangi. Nyuzi za kitambaa zitanasa ncha za klipu na kuisukuma nje. Mkono mwingine ufunike juu yake, maana hutoka kwa kuruka. Nimewahi kutambaa chini ya gari nusu saa nikitafuta moja, kumbe ilikuwa mfukoni mwa shati langu.

Kiegemeo cha mkono. Skrubu zake ziko chini au zimefunikwa na vifuniko vidogo vya plastiki. Vibanjue taratibu.

Fremu ya kitasa cha ndani. Tafuta skrubu ndani ya shimo la kitasa, ifungue, kisha telezesha fremu. Plastiki hii ndiyo dhaifu kuliko zote mlangoni. Ikigoma, tulia uangalie tena, bila shaka kuna kitu bado kimeishika.

Klipu. Anzia kona ya chini. Ingiza mwiko kati ya paneli na bati, uusogeze mpaka ugonge shingo ya klipu, ndipo ubanjue *palepale penye klipu*. Ukibanjua katikati ya klipu mbili, klipu itabaki kwenye bati na kipande cha hadibodi kitabaki nayo. Tundu lililochanika ndilo chanzo cha paneli zinazolia "taka-taka-taka" barabara nzima.

Klipu zote zikishaachia, usivute paneli kuelekea kwako. Inyanyue juu kwanza. Ukingo wake wa juu umening'inia kwenye mdomo wa dirisha.

Utajua umefaulu paneli ikiwa mkononi na matundu yake yote ya klipu bado ni mviringo. Klipu zikivunjika mbili tatu si neno, ndiyo maana ulinunua ishirini.

## Hatua ya 3: Nailoni, kitu ambacho kila mtu hutupa

Nyuma ya paneli utakuta nailoni iliyobandikwa kwenye bati la mlango kwa gundi nyeusi. Au hutaikuta, na hapo umeshapata jibu kwa nini hadibodi yako imevimba.

Mvua inapopiga kioo, maji hayabaki nje. Hupita kwenye mpira wa dirisha, hushuka ndani ya mlango, na hutokea kwenye matundu yaliyo chini kabisa ya mlango. Mlango umetengenezwa hivyo makusudi. Nailoni ndiyo inayozuia maji hayo yasirukie upande wa paneli. Ukiiondoa, hadibodi hunywa maji kila masika, huvimba, klipu hulegea, reksini hubanduka, na sakafu ya gari huanza kunuka.

Kama ipo na bado nzima, ikate gundi kwa kisu huku ukiinyanyua polepole. Usiivute kwa nguvu. Kama haipo, tengeneza nyingine:

1. Weka kipande cha nailoni ya ujenzi juu ya mlango, chora mzunguko, kisha kata ukiacha sentimita 3 za ziada kila upande, na sentimita 10 upande wa chini.
2. Futa bati kwa spiriti. Butili haishiki kwenye vumbi.
3. Bandika utepe wa butili kuzunguka pande mbili na juu, bila kuacha pengo.
4. Toboa matundu ya mhimili wa kioo na fimbo ya kitasa, madogo kadiri yanavyoweza kuwa.
5. Ukingo wa chini *uingize ndani* ya uwazi wa mlango. Ukiuacha ukining'inia nje, maji yatateremka juu ya nailoni na kumwagikia kwenye paneli, na kazi yote itakuwa bure.

Kabla hujabandika, chukua waya uzibue matundu ya chini ya mlango. Kwenye gari lililofanya kazi ya shamba utatoa udongo wa kupandia mchicha.

Sasa jaribu. Mwaga maji polepole juu ya kioo kwa dakika mbili huku mlango ukiwa wazi. Maji yatoke chini ya mlango, na upande wako wa nailoni ubaki mkavu. Ukiona hata mstari mmoja wa maji, tafuta pengo la butili sasa hivi, paneli haijarudi bado.

## Hatua ya 4: Kuosha, ndiyo kazi yenyewe

Kama una haraka, harakisha hatua nyingine yoyote, hii hapana.

Polishi nyingi za dashibodi na matairi zina silikoni. Silikoni haikauki ikaisha. Hukaa ndani ya vinyweleo vya plastiki, na rangi ikija juu yake haishiki kitu. Kwa siku chache itapendeza. Jua likishapiga, na kiwiko kikasugua, itaanza kutoka.

Najua kwa sababu nilishafanya. Miaka yangu ya mwanzo nilipaka paneli za pikapu ya mzee mmoja, nyeusi tii, nikamkabidhi siku mbili kabla ya Idi. Alikwenda msikitini mlango ukiwa na kiegemeo kipya, akarudi na mkono wa kanzu nyeupe umepigwa mstari mweusi kuanzia kiwikoni hadi kwenye kifundo. Hakunigombeza. Alinionyesha mkono tu, akauliza, "Hii nayo ni sehemu ya kazi, mwanangu?" Nilifua kanzu ile mwenyewe.

Fanya hivi:

Kwanza sabuni. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi. Mswaki uingie kwenye mikunjo na chapa za ngozi. Suuza kwa maji mengi. Plastiki tupu unaweza kuizamisha kwenye beseni. Paneli yenye hadibodi usiizamishe, ifute kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Kisha spiriti, kwa vitambaa viwili. Kimoja chenye spiriti kinapaka, kingine kikavu kinafuta papo hapo kabla haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe, silikoni iliyolegea inarudi kukaa palepale. Badilisha upande wa kitambaa kila mara, na kikichafuka chukua kingine.

Kisha skochibraiti na sabuni. Sugua mpaka mng'ao wote upotee. Kwenye plastiki yenye chapa ya ngozi usitumie msasa, utaifuta chapa na kubaki na kidonda kinachong'aa. Msasa ni wa sehemu bapa na sehemu ulizoziba.

Suuza, kausha, rudia spiriti. Mara mbili, mara tatu, mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe.

Kipimo ni tone la maji. Nyunyizia kidogo. Maji yakijikusanya kama umande kwenye jani la gimbi, silikoni bado ipo, rudi kwenye sabuni. Yakitandaa na kulowesha uso mzima, umemaliza. Kuanzia hapo usishike plastiki kwa mikono mitupu. Mafuta ya vidole nayo ni mafuta.

Onyo: petroli na tina (ile ya kuzimulia rangi) huyeyusha plastiki nyingi za ndani na kuzifanya zinate, mbali na kwamba petroli ni moto unaosubiri sigara ya jirani. Mafuta ya taa hayayeyushi sana, lakini huacha utando wa mafuta, na utando ndio tunaoukimbia.

## Hatua ya 5: Ijue plastiki yako, kisha ziba nyufa

Geuza kila kipande utafute maandishi yaliyochapwa nyuma yanayotaja aina ya plastiki, mara nyingi ABS au PP. ABS hushika rangi vizuri na hukubali gundi. PP ni mkaidi: bila praima ya plastiki, rangi hubanduka hata ukiosha wiki nzima.

Hakuna maandishi? Kata unyuzi mdogo kutoka sehemu isiyoonekana, utie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. PP huelea, ABS huzama. Kipimo hiki kinaweza kudanganya kama plastiki imechanganywa na unga wa kuongezea ugumu, kwa hiyo ukiwa na shaka, paka praima. Haidhuru ABS.

Ufa kwanza usimamishwe. Toboa tundu la milimita 2 mwishoni kabisa mwa ufa, vinginevyo utaendelea kutembea chini ya rangi mpya. Kisha:

Kwa ABS, chukua kibao cha ABS kilichovunjika, kikwangue upate unga, uuyeyushe kwenye asetoni kidogo ndani ya chupa ya kioo mpaka uwe uji mzito. Pakaza nyuma ya ufa, lalisha kipande cha wavu wa nailoni, pakaza tena. Acha mpaka kesho yake. Inakuwa plastiki ileile, si gundi juu ya plastiki.

Kwa PP, gundi ni kupoteza muda. Tumia solda yenye moto wa wastani, uyeyushe kingo za ufa kutoka nyuma na kuongeza vijiti vya PP. Fanyia nje, moshi wake haufai kifuani.

Mbele jazia puti ya plastiki, msasa 320, kisha 400, kisha 600. Pitisha ukucha juu ya ufa. Ukucha ukisita, rangi nayo itaonyesha.

Gundi ya papo hapo na magadi? Inashika, na mafundi wengi wanaipenda. Kwa kipande kisichopinda, sawa. Mlangoni, ambako kila kitu hupigwa mara ishirini kwa siku, hukatika kama kioo.

## Hatua ya 6: Hadibodi mpya, kwa paneli iliyooza

Tundu moja au mawili yakiwa yamechanika, usitupe paneli. Kata kibati chembamba cha aluminiamu, kitoboe tundu la klipu, ukibandike nyuma kwa gundi ya epoksi.

Ikiwa imeoza upande mzima wa chini, itengeneze upya. Bandua reksini ya zamani taratibu, kwani ndiyo itakayokuonyesha mikunjo ilipita wapi. Lalisha paneli ya zamani juu ya hadibodi mpya, chora mzunguko na kila tundu kwa penseli iliyochongoka. Sehemu iliyooza kiasi cha kukosa umbo, chora kutoka paneli ya mlango wa pili ukiigeuza.

Kata, toboa, halafu *ipachike kwenye mlango ikiwa uchi*, na klipu zote. Hapa ndipo unapogundua kwamba tundu moja limepotoka kwa milimita nne. Kulirekebisha sasa ni dakika moja. Ukishavalisha reksini, ni msiba.

Ikishakaa, paka vanishi mara mbili pande zote, na kingo mara tatu. Hadibodi hunywa maji kupitia kingo na matundu, kama utambi.

Kuvalisha: sponji ibandikwe upande wa mbele na iishie ukingoni, isizunguke. Gundi ya viatu ipakwe pande zote mbili, kwenye ubao na kwenye reksini, kisha subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa kwa kidole haikufuati. Watu hubandika ikiwa mbichi, halafu wanashangaa mapovu. Anzia katikati, kandamiza kuelekea nje. Acha sentimita 3 za kukunja nyuma. Kwenye kona za mviringo, kata vipembe vya V kwenye ile sehemu inayokunjwa ili isirundikane. Kona nene huisukuma paneli mbali na bati, na klipu hazitafika.

Reksini mpya huna haja ya kuipaka rangi. Nunua ya rangi unayotaka.

## Hatua ya 7: Rangi

Chagua kivuli kisicho na upepo wa vumbi. Usipulize juani saa saba mchana, rangi itakauka hewani kabla ya kufika na uso utakuwa kama msasa. Ukiwa Tanga, Mombasa au Dar, epuka pia alfajiri na mara baada ya mvua: unyevu ukiwa mwingi rangi hupata ukungu mweupe usiofutika.

Tikisa kopo dakika mbili kamili. Jaribu kwanza kwenye boksi.

Praima: mkono mmoja mwepesi, yaani tabaka moja, kisha soma kwenye kopo muda wa kusubiri. Nyingi hutaka rangi ije upesi, dakika si saa, na ukichelewa hupoteza nguvu ya kushika.

Rangi: umbali wa sentimita 20 hadi 25. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, plastiki bado ionekane. Wengi hushindwa kuvumilia hapa, wanataka ifunike mara moja. Acha dakika 10 hadi 15, mkono wa pili, subiri tena, wa tatu. Anza kupuliza kabla ya ukingo wa kipande na umalizie baada ya kuupita, ili matone ya mwanzo na mwisho yaanguke nje.

Ukiona vitundu vya mviringo vinafunguka kama macho ya samaki, hiyo ni silikoni. Simama. Kuongeza rangi hakutavifunika. Futa yote kwa spiriti ikiwa bado mbichi na urudi Hatua ya 4. Inauma, najua.

Mambo matatu ya kukataa:

- Rangi yenye mng'ao juu ya dashibodi. Jua la mchana litaakisi kwenye kioo cha mbele na hutaona barabara.
- Rangi ya bodi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha). Ni ngumu mno kwa reksini inayopinda, hupasuka, na mvuke wake barakoa ya vumbi haiuzuii.
- Kupaka rangi mkanda wa usalama. Kemikali hudhoofisha nyuzi zake. Ukichakaa, nunua mwingine.

Acha saa 24 kabla ya kurudisha. Jaribu kwa kucha mahali pasipoonekana, halafu bandika tepu ya karatasi na kuivuta kwa ghafla. Tepu ikitoka safi, umeshinda.

Dashibodi yenyewe usiing'oe kwa ajili ya rangi tu. Nyuma yake kuna mirija ya hewa na nyaya zilizochoka kwa umri. Toa vipande vya plastiki vinavyotoka kirahisi, yaani fremu ya saa, mdomo wa redio na boksi la makaratasi. Ziba mengine kwa tepu na magazeti, na ufunike mpaka viti.

## Hatua ya 8: Dari

Kitambaa kinachoning'inia kichwani hakijaisha gundi tu. Sponji yake imegeuka unga. Kuchoma pini ni kuahirisha.

Toa taa, vizuia-jua, kioo cha kutazamia nyuma na vipini. Vuta mipira ya milango, ubao utaachia. Uutoe kupitia mlango wa abiria, watu wawili, bila kuukunja. Sugua unga wote wa sponji kwa brashi kavu mpaka ufike kwenye ubao wenyewe, na uvae barakoa. Kitambaa kipya kiwe chenye sponji yake nyuma.

Gundi ya viatu hapa siitaki. Bati la paa lililoshinda juani huunguza mkono, gundi hulainika, na kitambaa hushuka tena. Tafuta gundi ambayo kopo lake limeandikwa inavumilia joto. Kama gari lako lina dari ya reksini iliyovutwa kwenye waya badala ya ubao, ioshe na uipake rangi palepale. Ikichanika mpelekee fundi viti.

## Hatua ya 9: Kurudisha

Klipu mpya ziingie kwenye paneli kwanza. Ning'iniza ukingo wa juu, hakikisha nyaya za spika na mhimili wa kioo vimepita, kisha piga kila klipu kwa kiganja ukianzia juu. Usipige katikati ya paneli.

Kitasa, kiegemeo, halafu mpini wa kioo: klipu ya C irudi *kwenye mpini* kwanza, elekeza mpini kama picha yako, na uupige kiganja mara moja. Utasikia "tik". Skrubu za plastiki kaza zikishika, usiongeze robo.

Kama ulifungua plastiki ya nguzo ukagusa boliti ya mkanda wa usalama, hiyo kaza kwelikweli, na uvute mkanda kwa nguvu kabla ya kufunika.

Zungusha kioo juu na chini mara tatu. Funga na fungua mlango kwa kitasa cha ndani na cha nje ukiwa wewe uko nje na kioo kiko chini, usije ukajifungia. Kisha mwaga maji tena juu ya kioo, na upapase ukingo wa chini wa paneli kwa nyuma.

Kwa mwezi wa kwanza futa kwa kitambaa chenye maji tu. Baadaye sabuni kidogo inatosha. Kijana wa kuosha magari akija na chupa yake inayong'arisha, mwambie milango na dashibodi asiguse.

Na paneli ikilia kwenye barabara ya vumbi, usikimbilie kuongeza skrubu. Bonyeza kwa kiganja sehemu mbalimbali huku mwenzio akiendesha. Itakaponyamaza ndipo penye klipu isiyoingia. Kama klipu zote zimeingia, kata kipande cha blanketi la zamani, ukibandike nyuma ya paneli mahali hapo, uirudishe.